Sofa Tuliyoazima kwa Ajili ya Mgeni

Mgeni rasmi, Daktari Oryem, Mkurugenzi wa Mfuko wa Upeo; mwenyekiti wetu, Mzee Abudu; wazazi, wanafunzi na majirani: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Makaribisho

Sisi wanachama wa Umoja wa Wazazi wa Kamwokya tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumeambiwa umekuja kutueleza njia za kumlipia mtoto masomo ya ng'ambo. Tutakusikiliza kwa makini, maana njia nyingine tumeshazipita wenyewe na tumeumia. Umeona viti vyetu havifanani, na hicho chako kina ufa. Safari hii tumeviacha hivyo kwa makusudi, na sababu utaisikia mbele.

Historia yetu

Umoja huu una miaka kumi na mmoja. Ulianzishwa na akina mama wa Kinubi waliokuwa wakisuka vifuniko vya sinia, pamoja na majirani zao Wakenya wanaofanya kazi madukani na kwenye magereji. Wakenya walileta harambee, Wanubi wakaleta chakula cha kuwalisha wanaochanga. Mtoto wa nyumba moja akipata chuo, anakuwa mtoto wa nyumba zote.

Mafanikio

Hamim alisomea udaktari wa meno India kwa harambee nne na shamba la babu yake lililouzwa Bombo. Leo ana kliniki Arua. Jino la katibu wetu aliling'oa yeye, na hakutaka malipo. Tungependa kukutajia wengine, lakini aliyefika mwisho ni huyo mmoja.

Changamoto

Kijana wetu mwingine, Tamim, tulimpeleka ng'ambo na ada ya mwaka wa kwanza tu. Tulisema iliyobaki ataitafuta hukohuko kwa kuosha vyombo. Hatukujua kwamba visa ya mwanafunzi inampa saa chache tu za kazi kwa wiki. Alizizidisha ili alipe, akakosa madarasa, chuo kikamwondoa. Tulimsindikiza hadi Entebbe kwa magari mawili, tukiimba, na hakuna aliyemwuliza kama anaogopa. Siku hizi hapokei simu zetu. Tunadhani anatuonea haya, na sisi ndio tunaopaswa kumwonea haya yeye.

Tulijaribu mkopo. Benki ilitaka hati ya ardhi, nasi karibu wote ni wapangaji.

Ndipo tukasikia kuhusu mfuko wako, unaolipa ada, tiketi na malazi kwa mtoto ambaye familia yake haijiwezi. Binti yetu Nuriat alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji Malaysia. Baba yake, Marjan, dereva wa lori, alifariki njia ya Juba. Mama yake anasuka vifuniko na kuuza chapati asubuhi. Nuriat aliomba ufadhili, akapita mtihani wenu, akapita mahojiano. Likabaki jambo moja tu: afisa wako aje kuiona nyumba.

Mgeni rasmi, hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea wote.

Habari zilipofika kwamba mgeni anakuja, Mama Nuriat alishika kichwa. Alisema, "Mgeni mkubwa hivyo atakaa wapi? Atakaa kwa kreti kweli?" Kwetu mgeni hakalishwi kwenye kreti. Moreen, katibu anayekusomea risala hii, alitoa sofa yake. Mzee Abudu alileta friji ya dukani kwake na soda zake ndani. Zubaida alileta zulia, na mwingine televisheni. Sinia zilijaa, zikafunikwa kwa vifuniko vya rangi zote. Vijana walibeba vitu hivyo tangu alfajiri kuvuka mtaro, na tulifurahi kama siku ya harusi.

Afisa alikula, akashukuru. Akauliza kwa adabu, "Mama, hii vitu yote ni ya hapa?" Mama Nuriat akajibu, "Ni ya hapa, mwanangu. Karibu sana." Hakukusudia kumdanganya. Kwetu ni utovu wa adabu kumwambia mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima.

Baada ya wiki tatu barua ilikuja. Ilisema familia ina uwezo. Hatumlaumu afisa, aliandika alichokiona. Nuriat aliisoma mara moja, akaikunja, akaenda kumsaidia mama yake kuwasha jiko. Hajamlaumu yeyote kati yetu hadi leo, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Tunajuta.

Maombi

Chuo kilimwahirishia Nuriat mwaka mmoja tu, na mwaka huo unakwisha Ijumaa ijayo. Baada ya hapo nafasi yake itapewa mtu mwingine.

Hatuombi masharti yalegezwe. Tunaomba nyumba ikaguliwe upya, na tunaomba uikague wewe mwenyewe, leo, kabla ya chakula. Ni pale ng'ambo ya mtaro, mlango wa bluu. Utakuta chumba kimoja, mkeka, jiko, na vitabu vya Nuriat juu ya kreti. Ukutani utaona alama ya maji ya mvua ya mwezi wa nne. Hayo ndiyo maji anayotaka kwenda kuyasomea.

Mama Nuriat yuko huko anakungoja. Tangu asubuhi ametuomba mara tatu tumwazime hata kiti kimoja, na mara zote tumemkatalia, huku yeye analia na sisi tunalia. Kwa hiyo tunakuomba radhi mapema, mgeni rasmi. Katika nyumba hiyo utasimama.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na watoto wako, na akupe wepesi wa kuvuka ule mtaro.

Ni sisi, Umoja wa Wazazi wa Kamwokya.

Imesomwa na Moreen Wamalwa, katibu, mwenye sofa.