Mzee Aliyetupangia Tarehe za Sikukuu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, na nyinyi wajumbe wa kamati ya hekalu mliowahi viti vya mbele: nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu kabla hatujamkabidhi kwa moto. Rasimu ya kwanza iliandikwa na katibu wa kamati. Niliisoma, nikaichana. Hii nimeiandika mwenyewe, binti yake wa kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 13 Januari 1944, kwenye vyumba viwili vilivyokuwa juu ya duka la vifungo, akiwa mtoto wa pili wa fundi saa na mkewe mshona nguo. Kesho yake ilikuwa Makar Sankranti, siku tunayoadhimisha jua kugeuza safari yake kuelekea kaskazini, na watoto hurusha tiara. Bibi alizoea kusimulia kwamba mkunga alichelewa kwa sababu njia nzima alikuwa akitazama tiara angani. Marehemu hakuikubali hadithi hiyo hata siku moja. "Mama anatia chumvi," alisema. "Tiara zilikuwa kesho yake." Alikuwa na miaka sita aliposema hivyo, na alikuwa akimsahihisha mama mzazi mbele ya wageni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1951 na kumaliza sekondari mwaka 1962. Hakuwa hodari wa mpira wala wa kuimba. Alikuwa hodari wa hesabu, na pandit wa wakati ule, kuhani wa hekalu letu na mtu mpole kuliko wote waliomfuata, alimfundisha kusoma panchang, kile kitabu cha kufuata nyendo za jua na mwezi. Sikukuu zetu nyingi zinafuata siku za mwezi, na siku ya mwezi haijali saa zetu: inaweza kuanza saa saba mchana na kwisha kesho yake alasiri. Kwa hiyo tarehe iliyohesabiwa kwa mji mmoja haihamishwi tu kwenda mji mwingine. Lazima ujue kwako jua linachomoza na kuzama saa ngapi. Mtoto wa darasa la saba analielewa jambo hili akielezwa mara mbili. Kamati imeelezwa kwa miaka miwili.

Mwaka 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kilichokuwa nyuma ya soko la vitambaa, akiwa mpanga herufi, na alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1999. Vidole vyake havikuwahi kutakata wino. Kuanzia mwaka 1983 alitutengenezea kalenda ya sikukuu, ile ya ukurasa mmoja mliyoitundika jikoni, na mtaa mzima ukamwita Bwana Tarehe. Pembeni ya kila sikukuu aliandika maana yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu aliamini kwamba wengi wenu hamuijui. Kwenye Maha Shivaratri, usiku wa mungu Shiva, aliandika: "Kufunga si kuahirisha chakula cha mchana." Kwenye Holi aliandika: "Rangi zinatanguliwa na moto. Holika alitaka kumchoma mtoto Prahlad kwa sababu ya imani yake, akaungua yeye. Asiyefika kwenye moto, kesho asinirushie rangi." Dashera, siku ya kuanguka kwa Ravana mwenye vichwa kumi, ilikuwa na mstari huu: "Kwa majivuno, kichwa kimoja kinatosha." Kuna mtu alilalamika kwamba anasemwa yeye. Hakuwa amesemwa, lakini alijijua.

Alimwoa mama yetu tarehe 7 Februari 1971. Wazee walikuwa wamechagua wiki iliyotangulia, kadi zimeshachapwa kwenye kiwanda kilekile, na marehemu akapiga hesabu upya, akasema wamekosea, akazichapa zote tena kwa mkono wake. Mama mkwe hakumsemesha kwa mwaka mzima. Mama anasema: "Nilijua mapema kwamba naolewa na saa ya ukutani." Walijaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchelewa shule.

Sasa nifike kwenye aya ambayo katibu aliiandika hivi: "Mwaka juzi marehemu alistaafu kazi ya kalenda kwa hiari yake kutokana na umri." Huu ni uongo, na walioutunga wako hapa, wameinamisha vichwa kwa huzuni ya kuazima.

Ukweli ni huu. Diwali ni usiku wa kumpokea Rama akirudi nyumbani baada ya miaka kumi na minne ya uhamisho, na wa kumkaribisha Lakshmi, mungu wa neema, mlangoni. Taa zinawashwa kwa sababu mwezi haupo. Bila giza hilo mnabaki mnapamba tu. Mwaka juzi siku ya mwezi wa giza ilianza Alhamisi mchana ikaisha Ijumaa alasiri. Marehemu aliandika Alhamisi. Mwenyekiti, ambaye anauza matairi na anayauza vizuri, alikuja nyumbani na wajumbe wawili, akakaa kwenye kiti cha mama bila kuambiwa karibu.

"Mzee, Alhamisi watu wako kazini," alisema. "Tuipeleke Ijumaa. Hata mgeni rasmi ameshakubali."

"Mgeni rasmi wa Diwali ni giza," baba akamjibu. "Ijumaa jua likizama, siku yenyewe imeshakwisha tangu alasiri. Utawasha taa za nini?"

"Lakini simu inasema Ijumaa, mzee wangu."

"Simu yako imehesabu jua la mji mwingine. Toka hapo nje jioni, ulitazame la kwako linazama saa ngapi."

Mwenyekiti hakutoka nje. Alitangaza Ijumaa. Nusu ya mtaa iliwasha taa Alhamisi, nusu Ijumaa, watoto wakawa wanauliza Rama amerudi mara ngapi. Badala ya kukiri, kamati ikamwandikia mzee wa miaka themanini barua kwamba amewagawa waumini na kwamba "umri umeathiri uwezo wake wa hesabu". Ilimtaka aombe radhi hadharani. Alikataa. Kazi ya miaka arobaini na moja ikafutwa kwa aya mbili na muhuri.

Mkatuletea kalenda yenu ya karatasi inayong'aa, yenye picha ya mwenyekiti kila mwezi, Januari akiwa na suti, Juni akiwa na miwani ya jua. Kuzaliwa kwa Krishna kulisahauliwa kabisa. Navaratri, ambayo maana yake ni usiku tisa, usiku tisa wa kumheshimu Mama Durga na ushindi wake, ilipewa siku saba. Marehemu aliitazama muda mrefu akasema, "Wamempunguzia Durga likizo." Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Na hapo ndipo mlipoanza kupita mlango wa uani. Mke wa mhazini alikuja kuuliza Ganesh Chaturthi ya kweli ni lini, kwa sababu alitaka kumwomba Ganesh, Mwondoa Vikwazo, siku ambayo yupo. Katibu alipiga simu kuhusu Shivaratri, akinong'ona kama mtu anayenunua magendo. Wajumbe watano kati ya saba, nawajua. Mbele ya watu mzee amechoka, faraghani mzee tusaidie. Nami nilimwambia baba awafukuze. Alisema, "Sikukuu haina kosa," akawapa tarehe zao.

Aligundulika kuwa na maradhi ya figo mwezi Mei mwaka jana. Ilipofika Raksha Bandhan, siku ambayo dada humfunga kaka uzi wa kumtakia heri na kaka huahidi kumlinda, mikono yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba shangazi yetu alimfunga uzi huo kwenye kidole. Kaka hakuwa na nguvu za kumlinda mtu. Alimwahidi hivyohivyo, na shangazi akasema, "Haya, nimelindwa." Alilazwa tarehe 20 Februari mwaka huu.

Jumamosi tarehe 7 Machi mwenyekiti alifika wodini na mfuko wa machungwa. Nilikuwa kando ya kitanda. Nilijua baba anasubiri nini, kwa sababu aliniomba nimnyanyue akae, nimfunge vifungo vya shati. Alitaka kuambiwa maneno mawili tu: tulikosea. Mwenyekiti aliangalia mlangoni, akainama.

"Mzee, Diwali ya mwaka huu iwe lini? Ibaki kati yetu tu."

"Jumapili, tarehe nane Novemba," baba alisema. "Na safari hii huwezi kusema watu wako kazini."

Mwenyekiti aliandika kwenye simu, akashukuru, akaenda zake. Baba aliuliza, "Ameondoka?" Nikasema ameondoka. "Hakusema kitu kingine?" Nikasema hapana. Akaniomba nimlaze, akageukia ukutani. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule bwana na machungwa yake, na leo simchukii pungufu. Baba yetu alifariki Jumatatu tarehe 9 Machi 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili, akili yake ikiwa timamu hadi dakika ya mwisho. Hilo la akili naomba mlisikie vizuri.

Ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, na wajukuu saba. Ameacha pia daftari lenye tarehe za sikukuu zote hadi mwaka 2030. Jana katibu alipiga simu akaliomba "kwa ajili ya kumbukumbu ya kamati".

Kamati haitalipata. Lakini baba hakuwahi kumnyima mtu tarehe, na mimi sitaanza leo. Mkigeuza karatasi mliyoshika mtaziona zote, mwaka baada ya mwaka, na chini yake jina lake kamili kama mhesabuji. Zimechapwa mgongoni mwa maneno haya niliyowasomea sasa hivi, karatasi ni moja. Atakayetaka kujua Diwali ni lini ataitundika ukutani, na upande wa pili mwenyekiti atakuwa ameketi wodini na machungwa yake, kila mwaka, hadi 2030.

Baba, pumzika kwa amani, na asikuamshe tena mtu yeyote kuuliza tarehe.