Mzee Leodgar Likwata na Karatasi ya Walio Hai

Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wa marehemu, Agnes, na unasomwa naye hapa Miteja, Jumamosi tarehe 12 Julai 2025.

Mzee Leodgar Likwata alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1951 katika kijiji kilicho jirani na Nyangao, mkoani Lindi. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Leodgar, kwa hiyo mapadre wa misheni hawakuhangaika kutafuta jina lingine. Mdogo wake wa pekee, Gaspari, alizaliwa miaka mitatu baadaye. Ndugu hao walipendana hata kufa kwao kukakaribiana, kama mtakavyosikia.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la saba, mwaka 1966. Alikuwa mtumikiaji altareni na kazi yake ilikuwa kengele. Inasimuliwa kwamba alfajiri moja alisinzia akiwa amepiga magoti, akashtuka na kuipiga kengele katikati ya mahubiri, waumini wote wakapiga magoti, na padre akaona afadhali afupishe. Hadithi hiyo aliipenda, ila hakupenda mtu mwingine aisimulie.

Mwaka 1972 alijiunga na jeshi, na mwishoni mwa 1978 kikosi chake kilipelekwa vitani Kagera. Huko aliona mengi, na kwetu alisimulia moja tu. Ilikuwa Januari 1979, ng'ambo ya mto, asubuhi baada ya mapigano. Askari walipangwa mstari wakaanza kuitwa majina. Likaitwa jina la rafiki yake, Shamte Abilahi wa Kinjumbi, kukawa kimya. Likaitwa tena. Kalamu ya sajini ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi pale Leodgar alipoitika, "Yupo." Sajini akamuuliza yuko wapi. "Yupo, afande, ila hajafika." Kwa jibu hilo aliadhibiwa kuchimba mahandaki siku nzima, lakini jina halikukatwa. Siku ya pili jioni Shamte akatokea porini anachechemea, na kitu cha kwanza alichouliza ni chakula. Mzee Shamte tunaye hapa leo, ameketi karibu na jeneza.

Shamte ndiye aliyemleta Kilwa, akamkaribisha nyumbani kwao, na marehemu akamwona Bi. Hamida, dada yake Shamte. Walifunga ndoa tarehe 17 Oktoba 1981 kwa kibali cha Kanisa, kwa makubaliano kwamba Bi. Hamida abaki na dini yake. Alibaki nayo. Mwezi wa Ramadhani marehemu hakugusa chakula mchana mbele ya mkewe, na Pasaka Bi. Hamida ndiye aliyeamka kupika wali wa nazi huku akimhimiza mumewe asichelewe misa. Mungu aliwajalia watoto wawili: Alex, baba yake Sixbert na Agnes, na Zakia. Marehemu aliacha jeshi mwaka 1984, akahamia hapa Miteja kulima mikorosho na ufuta.

Kila siku baada ya rozari marehemu alisoma majina. Katika kitabu chake cha sala alikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya marehemu, wengi wao askari wenzake, na hiyo huingia katika bahasha ya Novemba ili wasomwe kanisani. Nyingine ilikuwa ya walio hai. Mtoto wa jicho alipomwanza, alikunja ncha ya ile ya marehemu apate kuitambua kwa vidole. Oktoba mwaka jana karatasi zote mbili zilikuwa zimechakaa, akamwomba Agnes azinakili upya. Agnes alizinakili kwa mwandiko mzuri, akakumbuka hata kukunja ncha. Ila alikunja ya walio hai.

Ndiyo iliyoingia katika bahasha, na Agnes ndiye aliyeipeleka.

Tarehe 2 Novemba, katika misa ya marehemu wote, katekista mgeni asiyejua watu wa kigango chetu alisoma kwa sauti yake nzuri: tuwaombee marehemu Gaspari Likwata, Leodgar Likwata, Sixbert Likwata, Agnes Likwata, na wengine mpaka wakatimia wanane. Marehemu alikuwa benchi la mbele na medali yake ya vita kifuani. Kwaya ikawaombea raha ya milele. Babu Gaspari alisimama, akachukua kofia yake, akatoka nje. Baada ya misa padre alieleza kwamba Mungu hahitaji karatasi ili ajue nani anapumua, na watu wakacheka. Bi. Hamida, ambaye jina lake lilikuwa la nane, alipopelekewa habari nyumbani alisema kanisani hajaingia hata siku moja, kumbe keshazikwa humo. Tulicheka sana siku ile. Babu Gaspari hakucheka.

Tarehe 9 Desemba babu Gaspari aliamka salama, akanywa uji, akaenda kuokota korosho, akakutwa chini ya mkorosho ameshafariki. Alikuwa wa kwanza katika karatasi. Hapo kijiji kikaanza kunong'ona, na waliocheka Novemba wakawa wanahesabu kwa vidole. Wa pili alikuwa marehemu mwenyewe. Alijiweka hapo kwa sababu, alivyosema, kujiombea wa kwanza ni kiburi na kujiombea wa mwisho ni kujisahaulisha. Wa tatu alikuwa Sixbert, askari kama babu yake, kwa kuwa aliye mbali huombewa mapema. Januari mwaka huu Sixbert alipangiwa kwenda nje ya nchi kulinda amani. Alipokuja kuaga, babu yake alimshika mkono kwa muda mrefu, na sisi tuliojua namba yake tuliangalia chini.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi, miguu ikivimba na pumzi ikikatika. Madaktari walisema ni moyo. Walimtibu kwa uangalifu, naye aliwashukuru. Agnes ndiye aliyemuuguza. Kwa miezi yote hiyo hakuwa na ujasiri wa kusema nani aliikunja ile karatasi, na usingizi ulimwisha. Mwishoni mwa Juni alipiga magoti kando ya kitanda akasema. Aliogopa kwamba amemuua babu Gaspari, anamuua babu yake, na kaka yake anafuata. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi na Gaspari ni wazee, mjukuu wangu, tumeondoka kwa uzee wetu," alisema. "Lakini waliosomwa wafu mbele za watu, wasomwe hai mbele za watu. Siku ya kunizika watajaa kuliko ile Novemba. Soma karatasi yangu, kila mtu aitike."

Agnes akamuuliza, na ambaye hatakuwepo?

"Shamte aliitikiwa na nani?"

Mzee Leodgar alifariki dunia Alhamisi tarehe 10 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, baada ya kupokea sakramenti. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Sixbert alipiga simu mara ya mwisho Jumapili, tarehe 6. Tangu hapo hapatikani, hajui kwamba amefiwa, na kikosini kwake wametuambia tusubiri. Mpaka wasifu huu unapelekwa kuchapwa Kivinje, jana mchana, tulikuwa bado tunasubiri.

Marehemu ameacha watu sita wa karatasi yake. Agnes ameamua kuwasoma kuanzia chini kwenda juu, ili simu ya Sixbert ipate nafasi ya kuingia. Kila atakayeitwa asimame aitike kwa sauti, mzee asikie kabla hatujamfukia.

Bi. Hamida, mkewe.

Mzee Shamte Abilahi, shemeji yake na rafiki yake wa vitani.

Zakia, binti yake.

Alex, mwanawe.

Agnes, mjukuu wake.

Sixbert, mjukuu wake. Hapa pakiwa kimya, asilie mtu na asikate mtu jina. Dada yake ataitika: yupo, ila hajafika.

Bwana amlaze mzee Leodgar mahali pa amani kando ya mdogo wake Gaspari, na karatasi ile iishie kwao wawili.