Vichupa Kumi na Viwili vya Gaylen

LOWELL: Haloo? Nani wewe? Pandisha sauti, nimeziba masikio!

GAYLEN: Ni mimi. Gaylen.

LOWELL: Gaylen yupi?

GAYLEN: Lowell, acha utoto. Kaka wa mkeo, Nedra.

LOWELL: Ahaa, shemeji! Kumbe namba yangu bado unayo? Tangu msimu uliopita—

GAYLEN: Nimekupigia mara tatu asubuhi hii! Nedra naye hapokei.

LOWELL: Nedra simu kaiacha nyumbani. Na mimi zako nimeziona. Mbili nimekata kwa mkono wangu. Hii ya tatu nimepokea nikutukane.

GAYLEN: Utanitukana baadaye. Uko wapi?

LOWELL: Uwanja wa shabaha, nitakuwa wapi? Si Jumamosi hii msimu wa kuwinda kwa bunduki za kushindilia baruti unafunguliwa? Nimepanda nyuma ya pikapu, huku bondeni mtandao ni wa kubahatisha. Subiri nisogee... Unanisikia?

GAYLEN: Nakusikia. Ile baruti mpya, vile vichupa nilivyompa Nedra Jumapili kanisani—

LOWELL: Nilijua tu. Unataka ushukuriwe.

GAYLEN: Sitaki kushuk—

LOWELL: Haya, asante. Vichupa kumi na viwili, kila kimoja baruti ya risasi moja, na umeviandika hadi namba. Nilipoviona nikamwambia Nedra, kaka yako ama anaumwa ama kaokoka upya.

GAYLEN: Nilitaka yaishe, Lowell. Basi. Mmeshaanza kuvitumia?

LOWELL: Asubuhi tumepiga ya zamani. Moshi mtupu, na kila risasi moja unasugua mtutu. Sasa hivi ndiyo tumeshindilia kichupa chako cha kwanza, na dada yako kaanza vituko.

GAYLEN: Vituko gani? Lowell! Vituko gani?

LOWELL: Anasema mdeki, ule ufito wa kushindilia, haukuzama hadi kwenye alama yake ya utepe. Umebaki juu, kama pingili ya kidole. Nikamwambia sukuma. Kasukuma. Nikamwambia basi fyatua, mama, baruti mpya hiyo, lazima iwe tofauti. Hataki. Kanuna pale mezani. Nimekuja garini kuchukua miwani, nikapige mwenyewe.

GAYLEN: Usipige.

LOWELL: Umeanza.

GAYLEN: Msipige hiyo bunduki. Si wewe, si yeye.

LOWELL: Umeanza tena! Mwaka jana hivyo hivyo, "usipige, huyo kulungu wangu, nimemfuata tangu alfajiri." Kwani ulimfuga? Alipita mbele yangu—

GAYLEN: Sizungumzii kulungu!

LOWELL: Siku ya Shukrani hukuja. Bata mzinga mzima, Nedra kakuwekea kiti, tumekula tunakitazama. Kwa ajili ya pembe, Gaylen! Halafu leo unani— [mkwaruzo]

GAYLEN: Haloo? Lowell? Haloo!

LOWELL: —amrisha kwenye simu! Siambiwi la kufanya na wewe.

GAYLEN: Nimekosea vipimo.

LOWELL: Rudia, unakatika.

GAYLEN: Vipimo! Hivyo vichupa. Nilivipima kwa mizani.

LOWELL: Mizani ipi?

GAYLEN: Ile yangu ya kupimia baruti ninapojaza risasi za kawaida. Si unajua majira yote ya baridi nakaa nayo, mkono umezoea? Nikaambiwa kipimo ni mia, nikapima mia. Leo nakunywa kahawa nasoma maandishi ya kopo, kumbe ni alama ya mia ya kikombe chake cha kupimia. Ya ujazo, Lowell. Siyo ya uzito.

LOWELL: Na kwa uzito ilitakiwa—

GAYLEN: Sabini. Kila kichupa nimetia karibu mara moja na nusu.

LOWELL: Ndiyo maana mdeki haukuzama.

GAYLEN: Ndiyo maana. Nenda kaichukue hiyo bunduki.

LOWELL: Gaylen.

GAYLEN: Nini?

LOWELL: Kaiinua.

GAYLEN: Nani kainua?

LOWELL: Nedra! Kaiinua bunduki! Nilimgombeza mbele za watu, nikamwambia kama unaogopa ungebaki nyumbani— NEDRA! NEDRA, WEKA CHINI! Hanisikii, kaziba masikio!

GAYLEN: Kimbia!

LOWELL: Goti langu hili—

GAYLEN: Ruka, Lowell! Tupa simu, kimbia!

[Simu inaanguka. Upepo.]

GAYLEN: Lowell? Lowell... Nedra, weka chini. Weka chini, mdogo wangu, weka tu chini—

[Mlio wa bunduki.]

GAYLEN: Ee Mungu. Ee Mungu wangu. Nedra? Okoteni simu! Jamani, mtu yeyote! Lowell, mchukue huyo kulungu, chukua pembe, sizitaki— Haloo? Kuna mtu hapo? Haloo!

[Upepo.]

LOWELL: [anahema] Gaylen.

GAYLEN: Sema.

LOWELL: Siyo yeye. Ni mzee mmoja wa meza ya mwisho, anajaribu ya kwake.

GAYLEN: Na Nedra?

LOWELL: Mzima. Mikono yote miwili anayo. Hata fataki ya kuwashia baruti hakuwa ameweka. Alikuwa anaifungua huku nyuma ya mtutu, autoe mzigo wote, risasi na baruti. Nimemfikia nachechemea na kupiga kelele, ananiuliza kwani nimeumwa na nyuki? Nilipomwambia, akasema, "Kaka kapima kwa mizani. Nilihisi tu."

GAYLEN: [anapenga kamasi]

LOWELL: Haloo? Unalia?

GAYLEN: Silii. Wewe je?

LOWELL: Mimi ni huu upepo. Nilimwambia afyatue mara tatu, Gaylen. Mara tatu nilimwambia. Na simu yako nikakata mara mbili.

GAYLEN: Aliyepima ni mimi.

LOWELL: Na ambaye angepiga ni mimi. Miwani ninayo mkononi hapa. Ningelaza shavu kwenye kile chuma—

GAYLEN: Usiseme. Nakuomba usiseme.

LOWELL: Sisemi. Nedra anasema Jumamosi uje, tutoke wote watatu. Uje na kikombe. Mizani uiache huko huko.

GAYLEN: Nitakuja. Mwambie nitakuja.

LOWELL: Chaji yangu inaisha, imeshakuwa nyekundu. Tutaon—

GAYLEN: Subiri! Vichupa viko wapi?

LOWELL: Kwenye boksi lake, nimekuja nalo, liko hapa miguuni.

GAYLEN: Vihesabu.

LOWELL: Viko vyote, shemeji, nani achukue—

GAYLEN: Vihesabu nikisikia.

LOWELL: Haya bwana. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja. Na hiki kitupu, kumi na mbili. Umeridhika?

GAYLEN: Hesabu tena.

LOWELL: Sawa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Si—