Bi Hester Quillan na Meza Iliyonuka Mafuta ya Taa

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Hapa ni Los Angeles, anayezungumza ni Orrin Maddock, na leo nimeingia studio nikiwa na hasira. Mtanivumilia. Jumanne iliyopita alifariki Bi Hester Quillan, mwigizaji, akiwa na miaka themanini na miwili. Gazeti limempa mistari minne. Mstari wa tatu unasema alikuwa "mkorofi, mgumu kufanya naye kazi." Narudia: mkorofi. Basi mimi nimekuja kubishana na mstari wa tatu.

Bi Hester alizaliwa Ohio, binti wa fundi viatu. Miaka thelathini alizunguka na vikundi vya maigizo, akilala kwenye treni na kufua soksi zake kwenye beseni za hoteli. Alifika Hollywood ana miaka hamsini, mjane, na binti mmoja, Leota. Wakampa vijisehemu. Leo jirani mlangoni, kesho muuguzi, keshokutwa bibi wa kanisani anayepepewa.

Kisha ukaja mwaka 1921. Bi Hester ana miaka hamsini na miwili, na anapata nafasi ambayo wanawake wa umri wake waliiota tu. Mama mwenye nyumba katika filamu ya Meza ya Akina Tolliver! Jina lake juu kabisa kwenye tangazo. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kupoteza, wasikilizaji. Naomba mkishike hicho.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Mama mjane, wana watatu waliogombea shamba, na mwishoni mama anawaita wote mezani pamoja na majirani. Anainamisha kichwa, anaombea chakula, na wale ndugu wanashikana mikono. Majirani tulikuwa kumi na wawili, watu wa kujazia picha. Mimi nilikuwa jirani wa nne kutoka kushoto. Msinitafute, nimefichwa na ndoo ya maua.

Siku zile tulipigia picha kwenye jukwaa la mbao lisilo na paa, shuka jeupe limetandwa juu kupunguza ukali wa jua. Jua likiondoka, kazi imeisha. Mezani palikuwa na bata bukini wawili wa kuchoma, viazi, mikate na pai za tufaha. Na ili sisi tusidokoe, na bata wale wadumu siku tatu, kila asubuhi mtunza vyombo vya maigizo alipita na bomba la kupulizia mbu. Ndani ya bomba, mafuta ya taa. Fyuu, fyuu, kila sahani. Ilikuwa desturi ya kazi, na hakuna aliyeiona ajabu.

Siku ya pili, kando yangu aliketi mzee Ansel Gooch, miaka sabini, zamani mwigizaji mkubwa wa jukwaani. Alikuwa hajala tangu jana yake. Nikamwona anakata kipande cha bata.

Nikamnong'oneza, "Mzee, hiyo ina mafuta."

"Najua, mwanangu. Lakini huenda chini ya ngozi hayajafika."

Yalikuwa yamefika. Mzee Gooch alitapika nyuma ya ukuta wa bandia. Mwongozaji wetu, Lambert Voss, alicheka. "Si aliambiwa? Nileteeni mwingine mwenye ndevu!" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Bi Hester aliona yote. Aliinuka, akamfuta mzee mdomo kwa aproni ya maigizo, akarudi kitini pake. Voss akapiga makofi. Mpiga picha akaanza kuzungusha mkono wa kamera. Kichwa cha Bi Hester hakikuinama.

"Bi Hester, kichwa!"

"Siombi."

"Unasemaje?"

"Nasema siombi. Siwezi kumwambia Mungu abariki sumu. Walishe hawa watu, halafu nitaomba."

"Mama, usituletee za kuleta! Picha hii haina sauti. Hesabu moja mpaka kumi, midomo icheze, yatosha. Nani atakusikia?"

"Ninayemwomba atanisikia."

Majirani tulicheka, kicheko cha woga. Voss akawa mwekundu. "Nina wanawake kumi pale geti la studio wanangoja kazi, wote wanajua kuinamisha kichwa!"

"Waite. Ila wanuse kwanza."

Ikapita saa nane. Ikapita saa tisa. Kivuli cha ukuta kilianza kupanda mezani, na Bi Hester amekunja mikono. Voss akasema mbele yetu sote: "Nakwambia mara ya mwisho. Usipoinama, jina lako linatoka kwenye tangazo. Na geti hili hutalipita tena."

Niliitazama mikono yake, wasikilizaji. Nisiwadanganye kwamba hakuogopa, aliogopa sana. Aliutazama mkono mmoja, akaufunika kwa mwingine.

"Basi nimeshakaa, Lambert, na siinami," akasema.

Voss alitazama jua, akatazama meza. Wiki tatu za picha zilikuwa na uso wa Bi Hester, na kuanza upya isingewezekana. Akatuma gari kwenye jiko la hoteli. Bata wapya wakaja, viazi vinatoa mvuke. Bi Hester alinusa kila sahani, moja moja, bila haraka. Akamwita mzee Gooch aketi, akampa paja la kwanza. Ndipo akainamisha kichwa na kuomba, kwa sauti, katika picha isiyo na sauti. Tukaitikia amina. Tukala.

Filamu ilipotoka, gazeti lilitusifu. Liliandika kwamba majirani wale walikula "kwa ustadi wa ajabu, kama watu wenye njaa ya kweli." Ustadi! Jamani. Jina la Bi Hester halikuwamo kwenye tangazo. Voss alitimiza neno lake, na akawaambia wenzake wa mageti mengine. Mkorofi huyo, msimpe kazi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la mstari wa tatu.

Binti yake, Leota, aliniambia juzi: "Mama hakulia. Alinunua meza. Alisema, kama hawanitaki kwao, nitaweka yangu." Meza ndefu, ya watu kumi na wanne, na jiko lililowaka miaka ishirini na tano. Watu wa kujazia picha tulikula pale, tukiwa na kazi au tukiwa hatuna.

Mwaka 1932, filamu zimeshaanza kusema na zimewatupa wengi, mlango ulifunguliwa akaingia Lambert Voss. Koti limechakaa. Meza nzima ikageuka kumtazama. Mtu mmoja akasema, "Mpulizieni mafuta!" Bi Hester akamkata jicho. Akamwekea Voss sahani ya nyama na viazi. Voss akashika uma, Bi Hester akamshika kifundo cha mkono.

"Nusa kwanza, Lambert."

Akanusa. Machozi yakamtoka. Akala sahani mbili.

Nakala za filamu ile ziliungua zote ghalani, hata kipande hakikubaki. Tumebaki sisi tuliokula. Leota, na wajukuu wote, poleni sana. Nilimuuliza Leota kama tulitake gazeti lisahihishe mstari wa tatu. Akacheka huku analia. "Wauache, Orrin. Ila wauandike kwa herufi kubwa zaidi."

Kwa hiyo naondoa ubishi wangu, wasikilizaji wapendwa. Bi Hester Quillan alikuwa mkorofi. Leo mchana mtakapoketi kula, kabla hamjainamisha vichwa, tazameni kama kuna mtu mezani kwenu asiyekula. Mkimwona, msiinamishe.