Mkate Alioula Chini ya Ukuta: Elvezio Menconi, 1958–2024

Mtaniwia radhi nikisoma kutoka kwenye karatasi hii. Mimi ni Nives, binti na mtoto wa kwanza wa marehemu, na Jumatatu saa moja asubuhi nitashika kazi yake.

Marehemu Elvezio Menconi alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Bedizzano, mtoto wa tatu wa mvunja mawe Ateo na mkewe Derna. Alisoma hapa kijijini, kisha miaka miwili mjini Carrara. Hesabu aliipenda, ila mwaka 1972 mguu wa babu ulipondwa na jiwe, naye akapanda mlimani kwenye machimbo ya marumaru akiwa na miaka kumi na minne.

Mwaka 1989 aliteuliwa msimamizi, akiwa na watu kumi na wawili chini yake. Kila asubuhi aliupiga ukuta wa mwamba kwa mtaimbo na kusikiliza: jiwe zima hulia kama kengele, lililolegea huguna. Kisha alisimama chini ya ukuta uleule, peke yake, akala mkate wake wenye mafuta ya nguruwe hadi kipande cha mwisho. Ndipo wenzake walipoingia. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba ana njaa tu.

Alifunga ndoa na Ilva Pisani, fundi cherehani, tarehe 11 Juni 1983. Alichelewa kanisani kwa sababu alipitia kwanza machimboni kutazama ufa. Mama anasema hadi leo kwamba aliolewa na mtu mwenye vumbi masikioni.

Mwaka 2016 alinifanya msaidizi wake. Tarehe 18 Oktoba alikwenda kung'olewa jino, akaniachia mtaimbo. Nilipiga. Ukuta uliguna.

"Vipi, Nives, unaupima huo ukuta au unaubembeleza?" akasema Egisto, dereva wa mtambo. "Mvua hiyo inakuja! Tukungoje mpaka Krismasi?"

Wote wakacheka. Niliona haya kuonekana mwoga. "Ingieni," nikasema, na mkate sikula. Haikufika saa nne, jiwe lenye ukubwa wa jokofu likamvunja Egisto mguu.

Baba alifika shavu limevimba. Hakunifokea. Aliwaambia watu, "Kosa ni langu. Mtaimbo nilimpa mimi." Tulipokuwa wawili garini akaniuliza:

"Uliogopa?"

"Niliogopa, baba."

"Ukaficha?"

"Nikaficha."

"Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Ule woga ulikuwa wa kuwaambia wao. Umewanyima."

Kesho yake, mbele ya wote, alinirudishia mtaimbo. "Piga. Mimi nitakula." Nilipiga saa nzima, nikasema ukuta ni salama. Akasimama chini yake, akala. Nilihesabu kila tonge alilomeza. Tangu siku hiyo nimepiga mara nyingi, lakini yeye alikuwa kando yangu akisikiliza pia.

Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mawe, na tarehe 24 Novemba 2023 alishindwa kupanda mlima. Tangu hapo mvua zimefunga machimbo; yanafunguliwa Jumatatu. Mwezi Januari, akiwa kitandani, nilimwuliza kama mkate ule ulikuwa mtamu. "Miaka thelathini na minne," akasema, "haujawahi kuteremka bila maji." Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, saa tano asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Ilva, watoto wawili, Nives na Sauro, mjukuu mmoja, na watu kumi na wawili wa machimbo, ambao hakuwahi kumzika hata mmoja wao.

Jana Egisto alikuja nyumbani akichechemea. "Jumatatu wewe piga, mimi nitakula," akasema. Nilimshukuru, nikakataa. Mkate huo ni wa msimamizi. Kwa hiyo nawaambieni mapema, mbele ya jeneza lake: naogopa. Ukuta umenyeshewa wiki kumi na moja, na wa kusikiliza pamoja nami hayupo. Mkate nimekwisha kuununua. Mkiona sijaumaliza, msiingie.

Lala kwa amani, baba. Leo huna ukuta wa kusikiliza.