Chuo Kisichomaliza Soli

Benchi lililoegemea kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na hakuna habari ya mtaa isiyojadiliwa pale. Mwenye kibanda wanamwita Gundi, kwa sababu akishikilia jambo habanduki. Kiatu kikifika kwake hukipindua, akaandika kwa chaki kwenye soli kazi ya mwenye kiatu: nesi, dereva, mwalimu. Majina yanafanana, husema, lakini kila kazi inakula soli kwa namna yake. Asubuhi hiyo alikuwa amepakata viatu vya mkewe, vyeusi, kimoja mkanda umeachia. Chini ya kopo la rangi kulikuwa na kadi aliyopewa tangu juzi. Chuo kikuu kinasherehekea masomo yake ya masafa, yale ya kusoma kwa simu mtu akiwa kwake, wahitimu watavishwa joho saa nane mchana, na kila mhitimu anaruhusiwa mgeni mmoja. Mgeni wa mkewe ni yeye. Bado hajasema kama anakwenda au haendi, na roho haikuwa imetulia.

Afande, mlinzi mstaafu anayemshuku hata paka akipita mara mbili, alijimiminia kahawa kutoka kwenye chupa ambayo mke wa Gundi huileta benchini kila asubuhi.

— Hebu isome tena hiyo kadi.

— "Mhitimu na mgeni mmoja," Gundi akasoma.

— Mmoja! Kwa nini mmoja? Wakikufanyia kitu, shahidi wako nani?

Kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye humwacha mteja na povu kidevuni ili asipitwe na maneno, akadakia:

— Na hicho chuo nani amekiona? Hakina darasa, hakina kengele, hakina geti.

— Hakina geti? Afande alishtuka kama ametukanwa yeye. Sasa mlinzi analinda nini? Gundi, mmeingizwa mjini.

— Lakini mwalimu nimemsikia, alisema Gundi. Mke wangu anaweka simu kwenye rafu ya jikoni, mwanaume anaongea weee, yeye anaandika. Saa nyingine anacheka.

— Anacheka? Mimi nimesoma miaka saba, sikucheka hata siku moja!

— Huyo si mtu, alisema Kinyozi, akisogea. Ni mashine. Wanakusanya sauti za watu, wanazisaga humo ndani, zinatoka zinafundisha.

— Na joho je? Gundi akauliza.

— Joho ndilo mtego wenyewe! Wanakupima kichwa, bega, urefu. Wiki ijayo kuna mtu ana sura yako, kaajiriwa mahali, na wewe uko hapa unatafuta kazi.

— Sasa nimeelewa, alisema Afande. Mgeni ndiye dhamana. Mhitimu anatoka na cheti, mgeni anabaki.

Gundi akapindua kiatu cha mkewe, akawaonyesha.

— Mimi nina langu moja tu. Miaka minne ya masomo, na soli ndiyo hii. Haijalika hata kidogo! Nesi namwekea mpya mara mbili kwa mwaka, mwalimu mara tatu. Mtu anayesoma si anakwenda? Huyu alikuwa anakwenda wapi?

Benchi zima likaafiki, maana hoja ilikuwa ya kitaalamu. Gundi hakufurahi kushinda. Alikuwa anaomba kimoyomoyo mmoja wao ampinge.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele yao, joho jeusi begani, mguu mmoja peku, kiatu mkononi.

— Za kazi, fundi. Kisigino kimeng'oka. Nisaidie, kaka yangu, leo napanda jukwaani.

Gundi akakipindua kama kawaida yake. Soli ilikuwa kama imetoka dukani jana.

— Vipya hivi?

— Vina miaka mitano.

— Na umesoma?

— Minne. Nimesomea jikoni, nimekalia ndoo. Ya kwanza ilipasuka, nikanunua nyingine.

Afande alikohoa. Gundi akapigilia kisigino, na mikono yake ikawa myepesi ghafla. Furaha ilimjaa, hakuificha.

— Na mke wangu yumo leo! Hivi hapa ni viatu vyake.

— Hongera, kaka! Huenda tulikuwa kundi moja. Amesomea nini?

Gundi akamtazama Afande. Afande akaitazama chupa ya kahawa, akaitikisa, ilikuwa tupu. Kinyozi alisema mteja wake anamwita, na hakuna aliyekuwa amemwita. Asubuhi nzima walikuwa wamechunguza geti, sauti na kicheko, na kwa miaka minne hakuna aliyemuuliza anasomea nini, tena wakinywa kahawa ya mwanamke huyohuyo.

Aibu ilimpanda Gundi hadi masikioni. Yule mwanamke alipokwenda zake, alishona ule mkanda taratibu, akavipangusa viatu, akavipindua. Kwenye soli kulikuwa na neno aliloliandika asubuhi, kama anavyoliandika siku zote: nyumbani. Akalifuta kwa kidole gumba. Chaki ilikuwa mkononi, lakini hakuwa na la kuandika.

Akaichukua kadi na viatu, akavua aproni, akafunga kibanda saa sita mchana.

— Gundi! Afande akaita. Unakwenda wapi saa hizi?

— Kumuuliza.