Historia ya Gloriose Nzohabonayo, Aliyehifadhi Video za Vita

Mchungaji, wazazi, majirani wa Lusenda na wa Baraka, familia imenituma mimi Fébronie, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu.

Gloriose alizaliwa tarehe 12 Aprili 1991, Rumonge, Burundi, wa kwanza kati yetu wawili, akamaliza sekondari hukohuko mwaka 2011, na kila darasa nililoingia nyuma yake nilikuta walimu wakinipima kwake. Tarehe 3 Juni 2015 tulikimbia tukavuka ziwa, tukapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na tarehe 20 Agosti 2016 alifunga ndoa na Sixte, wakajaliwa Iteka na Eloge.

Tangu tarehe 6 Januari 2020 alifanya kazi Baraka, katika chama kidogo kinachohifadhi video za vita ambazo watu huziweka Facebook, kabla hazijafutwa, ili mahakama izione. Alipakua kila video, akaandika nani aliiweka na saa ngapi, akaitunza kwenye diski, asikubali ipitie WhatsApp, maana huko tarehe hupotea, na kila aliyegusa diski alisaini daftari. Ameacha video 412, na moja, ya nyumba zilizochomwa, itaonyeshwa katika kesi ya mwezi wa kumi.

Mwezi wa tano mwaka huu wa 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya Nundu tarehe 2 Julai, na tarehe 19 alimwita mfanyakazi mwenzake Vainqueur, akamwambia ndiye atakayepokea diski na kusimama mahakamani. Mimi nilisoma sheria Uvira, kazi hiyo niliitaka, nikamuuliza kwa nini mtu wa nje, naye akanijibu, “We ni mudogo wangu, Fébro. Avoka wa washitakiwa atasema hizi video tulizitengeneza ku nyumba.” Vainqueur akacheka, “Mama Iteka, na mimi natafuta mudogo wa kunipikia uji.” Mimi sikucheka, na kwa siku tatu sikumpelekea dada uji, nikisema nina kazi, wala sikuwa na kazi. Siku ya nne nilirudi, akasogea nikae kitandani. Alifariki Jumamosi, tarehe 27 Julai, saa nne asubuhi.

Kesho yake, saa tisa mchana, nilikuta ufunguo wa kabati la diski ndani ya mkoba wake, nikakaa nao bila kumwambia Vainqueur, kwa wivu ambao hata sasa haujaniisha. Kabati sikulifungua. Leo Jumanne, saa tano, mbele yenu, ninamkabidhi Vainqueur ufunguo huo, na saa zote ulizokaa kwangu nimeziandika katika daftari na kusaini, ingawa najua avoka ataniuliza kwa nini sikuutoa siku ileile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nundu, majirani waliolala nasi matangani, na wafanyakazi wenzake wote.

Dada, ulitaka kila jambo liandikwe lilivyokuwa. Nimeliandika. Pumzika sasa kwa amani.